Sukari ya Damu Baada ya Hedhi Kukoma: Jinsi ya Kupima, Kusoma Majibu na Kuchukua Hatua

Unaamka saa tisa usiku. Shuka limelowa jasho, moyo unakwenda mbio, kiu imekukaba na kibofu kinakuita kwa mara ya tatu. Kunapambazuka umechoka kama mtu aliyekesha, na ukimweleza mwenzako anakujibu, "Ni umri huo, mama, sote tunapitia." Huenda ni kweli. Lakini jasho la usiku, uchovu, usingizi wa mang'amung'amu, haja ndogo ya mara kwa mara na muwasho ukeni vinaweza kuletwa na kukoma kwa hedhi, na vinaweza vilevile kuletwa na sukari iliyoharibika. Kwa kujisikia tu huwezi kutofautisha. Wanawake wengi hukaa na kisukari miaka kadhaa wakidhani wanasumbuliwa na homoni, na inaniuma kwa sababu kipimo chenyewe ni cha dakika chache.

Mwongozo huu ni wa mwanamke ambaye hedhi imekoma au inakaribia kukoma, awe na kisukari au hajui kama anacho.

Kinachobadilika mwilini

Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma mwanamke anapomaliza miezi 12 mfululizo bila kuiona. Kwa wengi hutokea kati ya miaka 45 na 55. Homoni ya estrojeni inaposhuka, mafuta yaliyokuwa yakijiweka mapajani na makalioni huanza kuhamia tumboni, tena ndani kabisa, kuzunguka ini na matumbo. Mafuta ya huko ni msumbufu. Yanalifanya ini liendelee kumwaga sukari kwenye damu hata pale insulini, homoni ya kushusha sukari, inapoliamuru liache. Wakati huohuo misuli inapungua, na misuli ndiyo ghala kubwa la sukari baada ya kula. Ghala likiwa dogo, sukari inabaki ikizunguka.

Kongosho hujitahidi kuziba pengo kwa kutoa insulini nyingi zaidi. Linaweza kufanya hivyo kwa miaka, na majibu ya maabara yakawa mazuri muda wote huo. Siku likielemewa, sukari hupanda. Ndiyo maana mwanamke anaweza kuwa na kilo zilezile za miaka mitano iliyopita, lakini sketi aliyoizoea imekataa kufunga kiunoni. Sketi hiyo isikilize kuliko mizani.

Hatua ya kwanza: jua kama zamu yako imefika

Kama umeshakoma hedhi na hujawahi kupima sukari, zamu yako imefika. Chama cha Kisukari cha Marekani kinashauri kila mtu aanze kupimwa akiwa na miaka 35, na majibu yakiwa mazuri arudie angalau kila baada ya miaka 3. Wapo wanaopaswa kupima mara nyingi zaidi: mwenye mzazi au ndugu wa damu mwenye kisukari, mwenye presha, anayetumia dawa za jamii ya steroidi kwa muda mrefu, aliyewahi kuambiwa ana uvimbe mwingi mdogo kwenye ovari, na yule ambaye hedhi ilikoma mapema, kabla ya miaka 45, au iliyokomeshwa kwa kutolewa ovari zote mbili.

Kuna kundi moja ambalo husahauliwa mno. Ukiwahi kupata kisukari cha mimba, hata kama mtoto huyo sasa ana watoto wake, hatari yako haikuisha siku ya kujifungua. Unapaswa kupimwa kila baada ya mwaka 1 hadi 3, maisha yako yote. Daktari wa leo huenda hajui habari za mimba ile. Mwambie.

Na fangasi za ukeni zinazorudi kila mara kwa mwanamke aliyekoma hedhi zisitibiwe kwa dawa tu. Bila estrojeni fangasi hupungua ukeni, hivyo zikishamiri umri huu, sukari ipimwe.

Hatua ya pili: chagua kipimo kinachokufaa

Vipimo vikuu ni vitatu, na kila kimoja kinajibu swali lake.

Cha kwanza ni sukari ya kabla ya kula. Unakaa angalau saa 8 bila chakula wala kinywaji chochote isipokuwa maji, kisha unatolewa damu kwenye mshipa. Ni kipimo kizuri, ila kina jambo ambalo wagonjwa hawaambiwi: chembe za damu ndani ya kichupa huendelea kula sukari. Damu ikiachwa bila kutenganishwa, sukari hupungua kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa. Kama sampuli yako inasafirishwa kwenda maabara nyingine, uliza itachukua muda gani. Si utovu wa adabu kuuliza.

Cha pili ni HbA1c, ambayo wengi huiita sukari ya miezi mitatu. Hupima sukari iliyong'ang'ania kwenye chembe nyekundu za damu, na kwa kuwa chembe hizo huishi kama siku 120, jibu linaeleza wastani wa miezi 2 hadi 3. Huhitaji kufunga kula. Lakini kwa mwanamke wa umri huu kipimo hiki kinaweza kudanganya, tena kwa njia mbili zinazopingana. Miaka ya mwisho kabla ya hedhi kukoma, wengi hutokwa na damu nyingi na kwa muda mrefu. Akibaki na upungufu wa madini ya chuma, chembe zake nyekundu hukaa muda mrefu zaidi na HbA1c hupanda kuliko hali halisi. Aliyepoteza damu nyingi ghafla au kuongezewa damu karibuni, chembe zake nyingi ni mpya, hivyo jibu hushuka na kuficha tatizo. Mwenye selimundu pia chembe zake hufa mapema, na hata aliyerithi upande mmoja tu anaweza kupata jibu lisilo sahihi kutegemea mashine ya maabara. Kwa hiyo kabla ya HbA1c taja mambo haya bila kusubiri kuulizwa: ulivyotokwa na damu mwaka uliopita, kuongezewa damu, upungufu wa damu, selimundu, na kama unatumia vidonge vya madini ya chuma.

Cha tatu ni kunywa glukosi. Unapimwa kabla ya kula, unakunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, kisha unapimwa tena baada ya saa 2. Siku 3 kabla yake kula kama kawaida yako, usijinyime wanga, la sivyo jibu litapotoka. Kinachosha, lakini huwanasa watu ambao sukari yao ni nzuri asubuhi na hupaa baada ya mlo. Kama uliwahi kupata kisukari cha mimba, au majibu ya vipimo viwili vya mwanzo yanagombana, omba hiki.

Hatua ya tatu: soma majibu mwenyewe

Angalia kwanza kizio. Maabara nyingine huandika milimoli kwa lita, nyingine miligramu kwa desilita. Kutoka milimoli kwenda miligramu, zidisha kwa 18.

Sukari ya kabla ya kula ikiwa chini ya 5.6 (miligramu 100) ni ya kawaida. Kati ya 5.6 na 6.9 (100 hadi 125) uko katika hatua ya kabla ya kisukari, ingawa Shirika la Afya Duniani huanzia 6.1. Ikifika 7.0 (126) ni kiwango cha kisukari. Kwa HbA1c, chini ya asilimia 5.7 ni kawaida, 5.7 hadi 6.4 ni hatua ya kabla ya kisukari, na 6.5 kwenda juu ni kisukari. Saa 2 baada ya glukosi, chini ya 7.8 (140) ni kawaida, 11.1 (200) kwenda juu ni kisukari, na kati ya hapo ni hatua ya kabla ya kisukari.

Jibu moja baya halitoshi kumpa mtu jina la mgonjwa wa kisukari, kama hana dalili za wazi. Yanahitajika majibu mawili yanayokubaliana, ama vipimo viwili tofauti vya damu ileile, ama kipimo kimoja kilichorudiwa. Ila kama una kiu kali, unakojoa mno na unakonda, na sukari ya wakati wowote ni 11.1 au zaidi, hilo linatosha. Usiondoke hapo bila matibabu.

Usikubali pia jibu la "sukari iko sawa" bila namba. Omba karatasi. Aliyekuwa 4.9 miaka mitatu iliyopita na leo yuko 5.5 ataambiwa yuko sawa, na ni kweli, lakini anapanda. Namba zikiwekwa pamoja ndipo unapoona zinakoelekea.

Hatua ya nne: pima nyumbani, na pima sawasawa

Mashine ya nyumbani haitoi uamuzi kwamba una kisukari au huna. Viwango vya kimataifa vya mwaka 2013 vinairuhusu kupotoka kwa hadi asilimia 15 juu au chini sukari inapokuwa miligramu 100 au zaidi. Maana yake, kama sukari yako halisi ni 6.0, mashine nzuri kabisa inaweza kusoma 5.1 au 6.9. Usifurahi wala kulia kwa ajili ya namba moja. Kazi ya mashine ni kukuonyesha mwenendo, na kwa anayetumia insulini, kumlinda.

Kabla ya kutoboa, nawa mikono kwa sabuni na maji, kisha ikaushe kabisa. Hili si la usafi tu. Ukimenya tunda, ukajifuta kwa kitambaa, halafu ukapima, sukari ndogo iliyobaki kwenye ncha ya kidole huingia kwenye tone na namba hupaa bila sababu. Maji yaliyobaki nayo hulizimua tone. Kama huna maji ya kunawa, futa tone la kwanza na upime la pili.

Ning'iniza mkono chini kwa nusu dakika ili damu ishuke. Toboa ubavuni mwa ncha ya kidole, si katikati, kwa kuwa katikati ndiko mishipa ya fahamu ilikojazana na ndiko unakoshikia vitu. Badilisha vidole. Tone likigoma, sukuma taratibu kutoka kiganjani kuelekea ncha. Usilikamue kwa nguvu, maana utachanganya damu na maji ya mwilini. Sogeza ncha ya stripu, yaani kile kikaratasi cha kupimia kilichochomekwa kwenye mashine, kwenye tone hadi ilinyonye lenyewe. Damu ikiwa kidogo, usiongeze juu yake. Tupa stripu hiyo, anza upya.

Stripu huharibiwa na unyevu na joto. Funga kopo lake papo hapo, usilihifadhi bafuni wala jikoni karibu na moto, na tazama tarehe ya mwisho wa matumizi. Kisindano cha kutobolea ni cha mtu mmoja. Usiazimane hata na dada yako wa tumbo moja, kwa sababu virusi vya homa ya ini aina ya B na C na VVU husafiri kwa tone usiloliona. Vilivyotumika viweke kwenye chombo kigumu chenye kifuniko, kisha uvipeleke kituo cha afya.

Sasa, upime lini? Kupima ovyo kunamaliza stripu bila kukufundisha kitu. Pima kwa jozi: kabla ya mlo, na saa 2 tangu uanze kula mlo huohuo. Leo mlo wa asubuhi, keshokutwa wa mchana, siku nyingine wa jioni. Kwenye daftari andika saa, ulichokula, namba zote mbili, na kama ulitembea au uliumwa. Baada ya wiki mbili utajua ni mlo gani unaokuangusha. Kwa wengi wenye kisukari, lengo ni 4.4 hadi 7.2 kabla ya mlo na chini ya 10.0 baada yake, lakini mzee dhaifu au mwenye maradhi mengine hupangiwa malengo mapana zaidi, na daktari wake ndiye atakayeyaweka.

Usishangae namba ya alfajiri kuwa juu kuliko ya kulalia ingawa hukula kitu. Kuelekea mapambazuko mwili hutoa kotisoli na homoni nyingine zinazoliamsha ini limwage sukari. Usiku wa kuamkaamka kwa joto huweza kuizidisha.

Na lile jasho la saa tisa usiku? Likija, washa taa na upime. Chini ya 3.9 (miligramu 70) sukari imeshuka: kula kijiko kimoja cha mezani cha sukari au asali, subiri dakika 15, pima tena. Namba ya kwanza ikiwa ya kawaida, huenda ni joto la kukoma hedhi, nalo lina tiba yake. Kushuka huku huwapata hasa wanaotumia insulini au vidonge kama glibenklamidi na gliklazidi. Anayetumia dawa hizi asizoee kuita kila jasho "homoni".

Hatua ya tano: pima na vinavyoandamana na sukari

Sukari haiji peke yake. Chukua futi ya fundi cherehani. Simama wima, itafute nafasi iliyo katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, zungusha, pumua nje kawaida, soma. Usibane tumbo. Kwa mwanamke, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari linaweka mpaka kwenye sentimita 80 kwa watu wa asili nyingi. Marekani hutumia 88. Kanuni rahisi zaidi ni kwamba kiuno kiwe chini ya nusu ya kimo chako.

Kisha pima presha, na omba kipimo cha mafuta ya damu. Triglaiseridi zikifika 1.7 (miligramu 150), lehemu nzuri (HDL) ikiwa chini ya 1.3 (50), presha ikifika 130/85, kiuno kikivuka mpaka na sukari ya kabla ya kula ikifika 5.6, hizo ni alama tano. Ukiwa na tatu kati yake, moyo wako na mishipa yako viko hatarini hata kama hakuna aliyekuita mgonjwa. Hapa ndipo ninapowasihi wanawake wasilale. Kabla ya hedhi kukoma tulikuwa nyuma ya wanaume kwa maradhi ya moyo, na kisukari huifuta nafuu hiyo.

Hatua ya sita: punguza sukari kwa misuli na mlo

Mwaka 2002 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliohusisha watu 3,234 waliokuwa hatua ya kabla ya kisukari. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa metformin, dawa ya kushusha sukari, kwa asilimia 31. Na waliofika miaka 60 na kuendelea ndio walionufaika zaidi na mabadiliko ya maisha, asilimia 71. Nawaambia hivi wanawake wanaodhani wamechelewa. Kwa mwenye kilo 80, asilimia 7 haifiki kilo 6.

Anza na misuli. Kutembea ni kuzuri, hasa dakika 10 hadi 15 mara baada ya mlo, kwa kuwa misuli inayofanya kazi hunyonya sukari bila kusubiri insulini. Lakini kutembea peke yake hakurudishi misuli iliyopotea. Angalau siku 2 kwa wiki fanya mazoezi ya nguvu: kaa kitini, simama bila kushika popote, kaa tena, mara 10; pumzika, rudia. Jisukume kwenye ukuta kwa mikono. Nyanyua chupa zilizojaa maji. Ikiwa rahisi, ongeza uzito. Kama umeambiwa macho yameathiriwa na kisukari, muulize daktari kwanza kabla ya kunyanyua vitu vizito.

Kwenye sahani, nusu iwe mboga, robo protini, robo wanga. Anza na mboga na protini, wanga umalizie nao. Sukari ya kunywa ndiyo ya kwanza kuacha, kwa sababu huingia kwenye damu kabla misuli haijajiandaa. Usijinyime protini kwa hofu ya kunenepa, maana utapunguza misuli ileile unayoitafuta.

Usingizi nao ni tiba. Ukikoroma sana na kuamka na kichwa kizito, uchunguzwe kama pumzi hukatika usingizini, tatizo linaloongezeka baada ya hedhi kukoma na linalopandisha sukari na presha.

Dawa, kwa ufupi

Metformin ikitumiwa miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12, kwa hiyo ganzi ya miguu isihesabiwe kisukari moja kwa moja. Pioglitazoni, dawa nyingine ya kisukari, imeonekana kuongeza kuvunjika mifupa kwa wanawake, na mifupa yetu umri huu imeshapungua. Muulize daktari kama kuna mbadala. Tiba ya homoni za kukoma hedhi hupunguza kidogo hatari ya kisukari, lakini haitolewi kwa lengo hilo. Hutolewa kutibu joto na dalili nyingine. Ukianza au kuiacha, pima sukari mara nyingi zaidi kwa wiki za mwanzo.

Usisubiri miadi

Nenda hospitali siku hiyohiyo mashine ikiandika HI badala ya namba, yaani sukari iko juu kupita inavyoweza kupima, au sukari ikivuka 13.9 (250) pamoja na kutapika, kupumua kwa shida, usingizi mzito au kuchanganyikiwa. Nenda pia ukipata pumzi fupi, uchovu wa ghafla usio wa kawaida, au maumivu ya taya, mgongo au sehemu ya juu ya tumbo yanayoambatana na kichefuchefu, kwa sababu moyo wa mwanamke mara nyingi hulia hivyo bila kifua kuuma.

Na ukiona damu ukeni baada ya miezi 12 ya kukoma hedhi, hata iwe doa moja kwenye nguo ya ndani, usiseme hedhi imerudi. Kisukari na unene huongeza hatari ya saratani ya ukuta wa mfuko wa uzazi, na damu hiyo ndiyo huwa dalili ya mapema. Mwambie daktari tarehe ya hedhi yako ya mwisho na umpe lile daftari la sukari, kwa kuwa atayahitaji yote mawili.